Dhahabu Anayoimwaga Ndirangu

Nakuru, Jumamosi mchana

Mwanangu, mama Wangari,

Watu wakiandika barua huanza kwa kutumiana salamu nyingi kama mchanga. Mimi sikutumii hizo. Mchanga nimeuosha miaka mingi na najua sehemu kubwa yake ni takataka. Nakutumia salamu moja tu, ile inayobaki ukutani mwa bakuli baada ya maji kubeba nyingine zote. Ipokee.

Umeenda kijijini Bahati kumuaga cucu, bibi yako, ambaye una jina lake na, kwa bahati mbaya yangu, una kichwa chake pia. Mama yako yuko sokoni. Nyumba imenyamaza, nami nimekaa mezani na kalamu yako ya shule, maana tangu Jumapili hunisemeshi. Unaniwekea chai mbele yangu kama mtu anayemlisha mbwa wa jirani. Basi soma. Karatasi huwezi kuiinukia ukaiacha ikiongea peke yake.

Habari za sweta, dawa ya malaria na kujifunga leso ukioga mtoni, hizo mama yako amezimaliza, na kama hakuzimaliza atakupigia kelele dirishani kesho mpaka gari ling'oke. Mimi nina jambo moja, nalo unalijua. Jumapili nilikwambia kwamba ukifika kwenye mgodi wa Ndirangu ulikoandikwa kazi, wakikupa mchanga wa makapi, ule uliokwisha oshwa, uupime maabarani, useme hauna kitu. Wewe ukaweka kijiko chini.

"Baba, nikipewa mchanga nipime, nitapima. Na nikishapima nitasema nilichoona."

"Hata kwa Ndirangu?"

"Hata kwa shetani. Ndiyo kazi waliyoniandikia."

"Mimi nilikusomesha Form Four ili uje unijibu hivyo?"

"Ndiyo," ukasema, ukachukua sahani ukaenda kuosha.

Nilikasirika mpaka nikashindwa kula, na unajua mimi kushindwa kula si kawaida. Lakini nimefikiri wiki nzima. Wewe unajua vipande vya habari ya Ndirangu, kimoja kutoka kwa mama yako, kingine kutoka kwangu nikiwa nimelewa. Sitaki uende kwake na vipande. Nitakueleza yote, halafu mwishoni nitakwambia ninachotaka ufanye, na safari hii hutanijibu kwa sahani.

Tuanze Dundori. Mimi nilikuwa mvulana mjanja kuliko wote kule, na sisemi hivyo kujisifu, nasema kwa sababu wale wengine ukiwauliza watakuficha. Shule niliacha darasa la sita. Mwalimu anasema alinifukuza. Mimi nasema tuliachana. Nikaenda kufanya kazi kwa mzungu wa ng'ombe, kwenye chumba cha maziwa, kuzungusha separeta.

Wewe umeona separeta ikiwa kuukuu tu, kwa hivyo nikueleze ilivyokuwa ikifanya kazi. Maziwa unamwaga juu. Chini yake kuna bakuli la chuma, na wewe unazungusha mpini, na bakuli linazunguka kwa kasi ambayo ukiweka kidole utakiaga. Krimu ni nyepesi, inabaki katikati na kutokea mdomo wake. Maziwa ni mazito kidogo, yanasukumwa pembeni, yanatokea mdomo wa pili. Kwenye mpini kulikuwa na kengele. Ukizungusha polepole inalia, ukifikisha mwendo unaotakiwa inanyamaza. Kwa hivyo mzungu alikuwa anakaa ndani na gazeti lake akisikiliza. Kengele ikilia tu, anapiga kelele kwa Kiswahili chake kibovu: "Wewe! Nalala?" Mimi ndiye mtu wa kwanza Dundori kuziba ile kengele kwa nta.

Sasa jioni mtu alitakiwa kufungua lile bakuli na kuliosha, na hiyo ndiyo kazi wenzangu waliyoikimbia. Ukutani kwa ndani kulikuwa na utando wa kijivu, unanata, unanuka. Nywele za ng'ombe, vumbi, mavi, vyote vilivyokuwa vimejificha ndani ya maziwa meupe ambayo ungeapa ni safi. Wenzangu waliona uchafu. Mimi niliona kwamba kile kitu kizito, hata kikiwa kidogo kiasi ambacho jicho halikioni, ukikizungusha kinapata nguvu ya kukimbilia ukutani. Kwenye ndoo iliyotulia kingeelea mpaka kesho. Kwenye bakuli linalozunguka, kinakuwa kama kimebebeshwa gunia.

Uhuru ulipokuja na mzungu akauza shamba akaenda zake, watu waligombania makabati na vitanda. Mimi nilitoa baiskeli yangu nikachukua separeta. Mama yako alikuwa amekubeba mgongoni. Akaniuliza, "Ng'ombe wako wapi?" Nikamwambia watakuja. Hajaacha kuniuliza mpaka leo.

Tukahamia mjini, nikapata kazi kwenye karakana ya Sardarji, Kalasinga wa kuchonga vyuma. Huyo unamjua, amekununulia viatu vya shule mara nyingi kuliko mimi. Siku ya kwanza nilimweleza jinsi anavyopaswa kupanga mashine zake. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono, akasema, "Wewe iko mdomo kubwa kama tanki. Mimi nataka ona mkono." Nikamwonyesha mkono. Sijawahi kutoka hapo.

Na hapo ndipo Ndirangu alipokuja.

Ndirangu na mimi tulitahiriwa asubuhi moja, kwenye maji ya baridi, tukauguza vidonda kwenye kibanda kimoja. Mtu aliyekuona siku ile si rafiki, ni kitu kingine kikubwa zaidi. Yeye alilia. Mimi sikulia. Sawa, nililia, lakini baada yake. Aliniita Kamdomo, na mimi nilimwacha aniite hivyo kwa sababu alikuwa mtu wa rika langu. Alikuwa dereva wa lori, halafu akapata mgodi wa zamani huko mbele ya Kilgoris, ambao wazungu walikuwa wameuacha. Alikuwa na kinu cha kuponda mawe, anapitisha ule unga wa mawe na maji juu ya mablanketi, dhahabu nene inakwama kwenye manyoya. Lakini ile laini, ile iliyo kama unga wa ngano, ilikuwa inaondoka na maji.

Akaja karakana na debe la mchanga, akaliweka miguuni mwangu mbele ya watu.

"Kamdomo, wewe si unajua kila kitu? Humu ndani kuna dhahabu. Nimeosha kwa karai mpaka mgongo umepinda, inaelea na kuondoka. Itoe."

"Nikiitoa?"

"Ukiitoa, ule mgodi ni wetu wawili. Naapa kwa kile kibanda."

Kusema kweli hakuhitaji kuapa. Aliposema "itoe" mbele ya mafundi wengine, mimi nilikuwa nimeshakubali.

Nikachukua bakuli la separeta, nikalifunga kwenye mota, nikamwaga mchanga na maji. Dakika chache za kwanza nilikuwa mfalme. Halafu mchanga ukajibana ukutani ukawa mgumu kama saruji. Dhahabu iliyofika nyuma ikakuta mlango umefungwa, ikateleza juu ya ule ugumu ikatoka na maji kama kawaida. Mafundi wakacheka. Nikamwomba Sardarji tutengeneze bakuli jingine lenye matuta ya duara kwa ndani, yakizunguka ukuta kama matuta ya viazi kwenye mteremko wa Dundori, ili dhahabu ipate mahali pa kujificha. Tukatengeneza. Matuta nayo yakajaa, yakabana, yakawa saruji. Mafundi wakacheka zaidi. Nilianza kula chakula cha mchana peke yangu nyuma ya pipa la mafuta, mimi, mtu wa watu.

Unakumbuka ile chemchemi kwa cucu, Bahati? Ulikuwa bado huna meno ya mbele. Nilikuwa nimekupa nati kubwa uchezee, na ulikuwa umechuchumaa pale maji yanapotokea ardhini, pale ambapo mchanga unacheza kama uji unaochemka. Ukaiangusha. Ukaanza kulia. Mimi nikaja na akili zangu zote nikakwambia iko hapo hapo juu, iokote. Haikuwapo. Nikaingiza mkono, nati ilikuwa imezama mpaka kiwiko changu. Na vile vijiwe vyepesi vya kwetu, vile vinavyoelea, vilikuwa bado vinaruka juu ya ule mchanga kama popcorn.

Niliinuka mkono ukichuruzika nikakaa kimya. Cucu akadhani nimeumwa na nyoka, maana hakuwa amewahi kuniona kimya.

Maji yakisukuma kutoka chini, mchanga unalegea. Ukilegea, kizito kinapita katikati yake kinazama, chepesi kinafukuzwa juu. Basi kwenye bakuli langu "chini" ni wapi? Ni ukutani. Jumatatu nilitoboa matundu madogo katikati ya matuta, nikavisha bakuli koti la chuma kwa nje, nikaleta maji kutoka kwenye pipa juu ya paa, yaingie ndani kwa nguvu kupitia yale matundu. Bakuli linausukuma mchanga ukutani, maji yanaurudisha kidogo, mchanga unabaki unacheza, na dhahabu inapenya mpaka ndani kabisa ya tuta.

Tulipozima mota na kufungua, kwenye kila tuta kulikuwa na mstari wa njano, mwembamba kama uzi wa kushonea. Sardarji akautazama kwa kioo chake cha kukuza. Hakunisifu. Alisema tu, "Funga mlango."

Kwa hivyo ile mashine, mama, ni yako pia. Kama usingekuwa mtoto wa kuangusha vitu, ningekuwa bado nyuma ya lile pipa.

Sasa nitakwambia kosa langu, na usitabasamu. Watu hudhani niliibiwa kwa sababu sikusoma. Hapana. Niliibiwa kwa sababu nilipenda kuangaliwa. Ndirangu alikuja akasema, "Kamdomo, siamini, nionyeshe tena," na mimi nikamwonyesha tena. Nikamfungulia bakuli, nikampimia matundu, nikamwonyesha unene wa koti. Alikuwa anapiga magoti na kusema "ala!" na mimi nilikuwa naongezea maelezo, kama mtu anayemwaga mchuzi kwenye sahani iliyojaa. Siku hizi mtu akinisifu sana huwa naangalia mikono yake. Wewe pia utasifiwa, una akili. Furahia, lakini usiongee ukiwa umefurahi.

Kitu kimoja tu sikumwonyesha, na si kwa ujanja. Sikujua kwamba ni kitu cha kuonyeshwa. Kabla ya kumwaga mchanga, nilikuwa nauchuja, mnene peke yake, laini peke yake. Na mkono wangu wa kushoto ulikuwa daima kwenye koki ya mfereji wa maji. Mchanga mnene ukiingia naongeza maji, laini ukiingia napunguza, nikisikiliza bakuli linavyonguruma. Maji yakiwa kidogo, linabana. Yakiwa mengi, yanairusha nje ile dhahabu laini pamoja na takataka. Nilikuwa nafanya hivyo huku nikipiga domo, kama mama yako anavyogeuza chapati huku akinigombeza.

Ndirangu akaazima mashine akaijaribu mgodini. Haikurudi. Baadaye nikasikia amechongesha nyingine kama ile mjini Nairobi, kubwa zaidi, na wageni wanapelekwa kuitazama. Kuna dereva aliyekuwapo akanisimulia. Mgeni mmoja alimuuliza Ndirangu nani aliyebuni. Akasema, "Ni mimi. Kulikuwa na kijana mmoja Nakuru alinisaidia kufunga nati."

Kufunga nati!

Sehemu inayofuata hatujawahi kuizungumza, wewe na mimi. Lakini najua unaikumbuka, kwa sababu tangu siku ile hupendi mtu akushike nywele.

Nilikwenda kwake kudai haki yangu, na nilikuchukua. Nilidhani mtu hawezi kumtukana mwenzake mbele ya mtoto. Mama yako alikuwa amekusuka vizuri kwa ajili ya safari. Tulifika langoni, tukasimamishwa, hatukuingia hata hatua. Ndirangu akatoka kwenye varanda na kikombe cha chai.

"Rika yangu," nikamwambia, "nimekuja tuongee habari ya kile kibanda."

Akawaambia askari, "Wapekueni."

Kwenye mgodi wa dhahabu ndivyo mtu anavyopekuliwa akitoka kazini: anavua viatu anavigongagonga juu ya karai, anakung'uta mifuko, anachana nywele, ili kama ameficha mchanga wa thamani uanguke.

"Sisi hatujaingia," nikasema.

"Basi mmekaribia. Usikasirike, Kamdomo, ni sheria ya mgodi."

Wakanivua viatu. Halafu wakakuweka juu ya kigoda, wakaweka karai chini yako, na askari mmoja akakufumua nywele, msuko mmoja baada ya mwingine, akitikisa. Hukulia. Ulinitazama tu. Na Ndirangu akaendelea kunywa chai.

Tulipokuwa tunateremka ule mlima ukaniuliza, "Baba, walikuwa wanatafuta nini?" Mimi, ambaye sijawahi kukosa jibu hata kwa mzungu, nikakubeba mgongoni nikaongeza mwendo.

Chini ya mlima tukaingia kwa yule bibi mjane, Kogo, ukapewa maziwa, akakuketisha katikati ya magoti yake akakusuka upya bila kuuliza kitu. Mimi nilikaa nje nikitafuta mtu wa kupiga. Kisha nikaona shamba lake. Mahindi yake ya upande wa mto yalikuwa yamefunikwa mchanga wa kijivu mpaka magotini. Kogo akaja akasimama kando yangu.

"Ni yule wa juu," akasema. "Maji yake machafu yanashuka na kuniachia hii. Nimemwambia mpaka nimechoka."

Nikachota mpaka leso ikajaa, nikaifunga. Wazia! Juu wamenikung'uta viatu na hawakupata punje. Chini nikaondoka na mchanga wa mtu yule yule, na mwenye shamba akaniaga kwa mkono.

Nilipofika Nakuru nikauosha na bakuli dogo la majaribio, lenye matuta na matundu, tulilochonga upya baada ya lile kutorudi. Mama, nilicheka mpaka Sardarji akaja na ndoo ya maji kunimwagia. Uzi wa njano, mwembamba, kila tuta. Ndirangu aliiba mashine akasahau kuiba mkono. Hachuji mchanga, na bakuli likibana anafungua maji yote. Ile laini, ile aliyokuja kuniomba nimtolee, ndiyo anayoitupa. Tangu siku ile mpaka leo anaimwaga, mchana na usiku, na mtambo wake unanguruma kwa majivuno.

Sikusema neno. Unaona mimi ninavyoongea. Basi jua ile chuki ni kubwa kiasi gani kama iliweza kunifunga mdomo.

Nilichofanya ni kumwambia Kogo asimlilie Ndirangu barabarani, apeleke malalamiko barazani kwa chifu. Siku ya baraza nilikaa nyuma kabisa, kofia usoni. Ndirangu akasimama, mkono mfukoni, akasema mbele ya chifu na wazee na kila mwenye masikio: "Mchanga ukishatoka kwangu si wangu. Ukishuka kwa huyu mama ni wake. Auze, ale, ajengee, mimi sitaudai." Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Na mwaka uliofuata nikamtuma Kogo alalamike tena, ili Ndirangu ayarudie maneno yake mbele ya watu. Akayarudia. Mwaka wa tatu akayarudia kwa hasira, na chifu akasema jambo hilo limekwisha, mchanga ni wa mama.

Kogo na mimi tumekubaliana, nusu kwa nusu, na kibali cha serikali ninacho. Bakuli jipya liko karakana chini ya magunia, kubwa, Sardarji amelichonga kwa mkono wake mwenyewe na hakutaka nilipe mpaka litakapozunguka. Mvua hizi zikiisha na njia ikikauka, naanza. Sasa unajua kwa nini Jumapili nilikwambia unyamaze. Wewe utapima yale makapi, utaona kilichomo. Akijua leo, atachuja, atapunguza maji, na mchanga wa kesho utashuka ukiwa mtupu. Tena atajaribu kuruka maneno yake, atatafuta wakili, atanichelewesha. Kila mwezi anaokaa bila kujua ni uzi mwingine wa njano kwangu. Nilitaka akae bila kujua mpaka azeeke.

Na nilitaka wewe uwe ule mkono wangu wa kushoto kwenye mfereji.

Alhamisi nilikuwa nakaza bolti nikaona kitu ambacho kiliniacha na spana hewani. Siku ile langoni walikuwa wanatafuta mwizi kwenye nywele zako. Hawakumpata kwa sababu hakuwapo. Wangetikisa mpaka jioni wasingepata hata punje. Usafi huo ndio kitu pekee tulichoondoka nacho pale mlimani, wewe na mimi, na mimi baba yako ndiye niliyetaka kukutuma urudi na uongo umefichwa kichwani. Yaani Ndirangu awe alikuwa sahihi kututafutia wizi, ila alikosea mwaka tu.

Sitampa zawadi hiyo. Afadhali anicheleweshe.

Usidhani nimemsamehe. Mama yako akisoma hii atasema nimeokoka, mwambie bado. Nimekaa na hasira hii muda mrefu kuliko nilivyokaa na mtu yeyote isipokuwa nyinyi wawili, na inanifaa, inaniamsha mapema. Nimeibadilishia njia tu. Nimegundua kwamba kulipiza kisasi kwa mtu asiyejua kwamba umemlipiza ni kama kumzomea mtu aliyelala. Yeye anakoroma, wewe unachoka.

Kwa hivyo hivi ndivyo ninavyotaka ufanye, na ni sawasawa na ulivyosema ungefanya bila ruhusa yangu. Nenda. Vaa lile koti jeupe. Wakikupa makapi, pima kama ulivyofundishwa. Yeye hajui wewe ni nani, maana aliyekuandika kazi ni mkemia wake. Ukishaona kilichomo, usimtumie mtu. Nenda wewe mwenyewe ofisini kwake, simama wima, umwambie kwa mdomo, polepole, kwa heshima zote: "Bwana, makapi yako yana dhahabu, na imekuwa ikitoka hivi tangu mashine ifungwe. Maji yako ni mengi mno, na mchanga hauchujwi." Umwambie hata jinsi ya kuchuja. Mpe yote. Dhahabu ya kesho mwachie.

Atakuuliza makapi ya miaka yote yako wapi. Mwambie yako kwa Kogo, yule aliyempa kwa mdomo wake barazani.

Halafu atauliza wewe ni binti ya nani. Mwambie jina langu, lote, usilimeze. Akikufukuza kazi, rudi nyumbani kichwa juu. Wa kupima mchanga tunamhitaji hata sisi. Asipokufukuza, kaa ufanye kazi yake vizuri, itamchoma zaidi.

Lakini ukishalitaja jina, kabla hajasema chochote, nakuomba kitu kimoja, na ndicho pekee nitakachowahi kukuomba huko. Mimi sitakuwapo kuona. Miaka yote hii nimeingoja dakika hiyo na imeniangukia kuikosa. Basi usitazame chini kama msichana mwenye adabu. Mtazame usoni, usipepese, mpaka ujue kila kitu kinavyobadilika, macho kwanza au midomo kwanza, na kama mkono ulishika meza. Kisha uje unihadithie, na usiharakishe.

Baba yako